Kisasi Kisicho na Mdai: Mizimu ya Tsavo, Miendelezo Yake na Onyesho Lililokatwa

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa filamu, onyesho lililokatwa huchukuliwa kuwa ni jambo la chumba cha uhariri. Ni kipande kilichopigwa picha, kikatazamwa, kikaonekana kuwa kinachelewesha masimulizi, kikawekwa kando. Pengine hutokea baada ya miaka kadhaa, watazamaji wakakirudia kwa shauku wakitafuta ndani yake filamu nyingine ambayo ingaliweza kuwapo. Makala haya yanalitumia neno hilo kwa maana iliyo pana zaidi. Yanakichunguza kisa kimoja cha kisasi cha mizimu, yaani kisa cha simba wala watu wa Tsavo wa mwaka 1898, ambacho kimeandikwa, kikaonyeshwa katika jumba la makumbusho na kutengenezewa filamu zaidi ya moja. Hoja ya msingi ni kwamba kila usimulizi wa kisa hiki ni mwendelezo wa ule uliotangulia, na kwamba kila mwendelezo umekata onyesho lile lile. Onyesho hilo ni la mdai: mtu, ukoo au nchi iliyokosewa, ambayo kwa ajili yake kisasi kililipizwa.

Kisa hiki kina mahali pake. Daraja la Tsavo liko umbali wa kilomita zipatazo 50 kutoka Voi, kwenye reli iendayo Nairobi. Wakazi wa Voi, wa vilima vya Taita, na wa Bomeni mjini Taveta ni majirani wa tukio ambalo ulimwengu umelitazama kwa zaidi ya karne moja. Ni jambo la kushangaza basi kwamba katika matini zote zitakazojadiliwa hapa, jirani huyo hatambuliwi kuwa na neno la kusema.

Pierre Macherey, katika kazi yake ya mwaka 1966 kuhusu nadharia ya uzalishaji wa fasihi, alisisitiza kwamba mhakiki hana budi kuuliza kile ambacho matini haikisemi, kwa kuwa ukimya huo ndio unaoiwezesha matini kusema inayoyasema. Msimamo huo unafaa hapa, ila kwa nyongeza moja: ukimya wa Tsavo haukuwa kamili tangu mwanzo. Katika matini ya kwanza mdai alitajwa, ingawa kwa sentensi moja tu. Miendelezo ndiyo iliyomwondoa.

2.0 Matini ya Kwanza: Kitabu cha Mwaka 1907

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Waliletwa vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, na takriban 2,500 kati yao walifia kazini. Luteni-Kanali John Henry Patterson alifika Tsavo mwezi wa Machi 1898 kusimamia ujenzi wa daraja. Katika miezi iliyofuata simba dume wawili wasio na manyoya ya shingoni waliingia kambini usiku hadi usiku, wakawatoa watu mahemani na kuwala. Kazi ilisimama kwa muda kwa sababu vibarua wengi walikimbia. Patterson alimuua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba 1898, na wa pili tarehe 29 ya mwezi huo huo. Kitabu chake, The Man-Eaters of Tsavo, kilitoka mwaka 1907.

Msomaji makini atatambua kwamba kitabu hiki kinatoa maelezo mawili ya kimiujiza, wala si moja. La kwanza ni la ushetani. Kambi zilipeana onyo usiku kwa neno la Kihindustani lenye asili moja na neno la Kiswahili shetani. Katika maelezo haya simba ni uovu mtupu: hawana sababu, hawana madai, wala hawana historia. La pili ni la mizimu. Patterson anaeleza kwamba vibarua waliamini kuwa roho zenye hasira za machifu wawili wa nchi ile, waliokwisha kufa, zilijivika umbo la simba ili kupinga reli kupitishwa katika nchi yao, na kwamba kwa kuizuia kazi zililipiza kisasi kwa dharau waliyotendewa.

Tofauti ya maelezo haya mawili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kiswahili chenyewe kinaidhihirisha. Mzuka humtokea mtu na kumtisha, pepo humpanda, shetani hudhuru kwa kuwa kudhuru ndiyo tabia yake. Mzimu, kwa upande mwingine, una jamaa na una mahali. Mzimu ukikasirika, swali la kwanza la wahusika huwa ni kosa gani limetendwa na ni nani aliyelitenda. Kwa maneno mengine, mzimu ni mdai. Anayesema kwamba simba ni mashetani anaomba bunduki. Anayesema kwamba simba ni mizimu ya machifu anakiri, atake asitake, kwamba nchi hiyo ilikuwa na wenyewe na kwamba wenyewe hawakuulizwa.

Inaweza kupingwa kwamba imani hiyo huenda ilipambwa na mwandishi ili kuitia hadithi yake ladha ya Afrika. Pingamizi hili lina uzito. Walioripotiwa kuamini hivyo ni vibarua, wengi wao wageni kutoka Bara Hindi, wakizungumza na mgeni mwingine kutoka Ulaya, kuhusu machifu ambao kitabu hakiwataji majina wala kabila. Lakini hata ikiwa sentensi hiyo ni pambo, inabaki kuwa pambo lenye maana. Ndani ya kitabu kinachosifu ushindi wa reli, hapo ndipo reli inapoitwa kosa. Mwandishi aliiandika, kisha hakurudi kuijibu. Simba walipokufa, madai yalihesabiwa kuwa yamekufa pamoja nao.

3.0 Kutoka Mizimu hadi Mashetani: Filamu za Mwaka 1952 na 1996

Filamu ya Bwana Devil, iliyoongozwa na Arch Oboler, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Los Angeles tarehe 26 Novemba 1952. Inakumbukwa kwa kuwa ndiyo iliyoanzisha wimbi la filamu ndefu za rangi zilizotazamwa kwa miwani maalumu, ili picha zionekane kana kwamba zinatoka kwenye pazia. Jina lake peke yake ni hoja. Katika yale maelezo mawili ya Patterson, watengenezaji wamechagua la ushetani, wakaliunganisha na neno bwana, ambalo katika koloni lilikuwa neno la kumwitia mzungu. Machifu wametoka, Bwana amebaki, na Shetani yuko mbele yake.

Tarehe nayo inastahili kuzingatiwa. Hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, siku 37 kabla ya onyesho hilo la kwanza. Wakati ule ule ambapo suala la ardhi lilikuwa limewasha moto nchini, watazamaji wa Marekani walikuwa wamevaa miwani wakirukiwa na simba ambao hawakuwa na dai lolote la ardhi. Picha maarufu kuliko zote iliyobaki kutokana na filamu hiyo haionyeshi Tsavo. Ni picha ya watazamaji, safu kwa safu, waliyopigwa na J. R. Eyerman wa jarida la Life. Mtazamaji amekuwa ndiye kisa.

Mwendelezo mkubwa zaidi ni The Ghost and the Darkness wa mwaka 1996, ulioandikwa na William Goldman na kuongozwa na Stephen Hopkins. Filamu hii ilipigwa picha Afrika ya Kusini. Simba wake walikuwa wa kufugwa, nao walikuwa na manyoya ya shingoni ambayo simba wa Tsavo hawakuwa nayo. Hayo ni mambo ya nje, na mtayarishaji anaweza kusamehewa. La ndani ni jinsi imani ile ya mwaka 1898 ilivyobadilishwa. Mhusika Samuel, aliyeigizwa na John Kani, anaeleza kwamba wapo wanaowaona simba hao kuwa ni roho za waganga waliokufa waliorudi kueneza wazimu, na wapo wanaosema kuwa ni Ibilisi aliyetumwa kuwazuia wazungu wasiumiliki ulimwengu. Tulinganishe. Machifu wamegeuzwa kuwa waganga. Kupinga reli kumegeuzwa kuwa kueneza wazimu. Ule upinzani dhidi ya umilikaji wa wazungu umehifadhiwa, lakini umeondolewa mikononi mwa wenye nchi na kukabidhiwa Ibilisi. Dai la kisiasa limegawanywa mara mbili: nusu moja ikawa ugonjwa wa akili, na nusu nyingine ikawa dhambi.

Kuna jambo jingine linalofichua zaidi. Filamu ilibuni mwindaji wa Kimarekani, Remington, aliyeigizwa na Michael Douglas, ambaye hayumo kabisa katika tukio la kihistoria. Goldman alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 2000, Which Lie Did I Tell?, kwamba mhusika huyu alikusudiwa awe fumbo, na kwamba maelezo ya maisha yake ya nyuma yaliongezwa baada ya mwigizaji nyota kuichukua nafasi hiyo. Mwandishi aliyaona maelezo hayo kuwa yameidhuru kazi. Maelezo hayo yanamhusu mtu aliyeshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akapoteza ardhi na jamaa zake. Anayeyasimulia ni Samuel.

Goldman alilalamikia hasara ya fumbo. Mhakiki wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulalamikia hasara nyingine. Katika filamu inayohusu ardhi iliyopitiwa na reli bila ya ridhaa, huzuni ya kupoteza ardhi imesimuliwa kwa sauti ya Mwafrika, kwa ajili ya mgeni wa kubuni kutoka ng'ambo ya bahari. Hakuna mhusika anayetambulishwa kuwa Mtaita ambaye amepewa nafasi ya kusema maneno kama hayo kuhusu nchi yake. Mgeni asiyekuwapo alipewa msiba. Wenyeji waliokuwapo hawakupewa hata jina. Kwa hiyo onyesho la mdai halikutupwa kwa kukosa nafasi. Nafasi ilikuwapo, ikapewa mtu mwingine.

4.0 Hesabu ya Wafu

Kukatwa kwa mdai kunaonekana pia katika hesabu. Katika kitabu cha mwaka 1907, Patterson alitaja vibarua 28 wa Kihindi, kisha akaongeza kwamba Waafrika wengi waliuawa ambao kumbukumbu rasmi haikuwekwa. Mwaka 1924 aliliuzia Jumba la Makumbusho la Field, mjini Chicago, ngozi na mafuvu ya simba hao kwa dola 5,000. Katika kijitabu kilichochapishwa na jumba hilo mwaka 1925, idadi ya waliouawa ilifikia 135. Mwaka 2009 watafiti walichunguza kemikali za mifupa na manyoya ya simba hao, wakakadiria kwamba walikula watu wapatao 35: mmoja wao 24, mwenziwe 11. Mwaka 2024 uchunguzi mwingine wa vinasaba ulitambua, katika nywele zilizokwama menoni mwao, mabaki ya binadamu pamoja na twiga, pundamilia, nyumbu, choroa na kuro.

Utafiti huu ni wa thamani. Hata hivyo, mjadala wa iwapo walikuwa 28, 35 au 135 umeelekea kuisahau sentensi iliyouzaa. Tofauti kati ya hesabu za Patterson haitokani na simba. Inatokana na daftari. Kibarua aliyeletwa kwa mkataba alikuwa na jina katika orodha ya mishahara, hivyo kifo chake kilikuwa upungufu wa orodha. Mwafrika aliyeliwa karibu na kambi hakuwamo katika orodha yoyote, hivyo kifo chake hakikuweza kuipunguza. Maabara inaweza kurudisha idadi, lakini haiwezi kurudisha jina.

Kuna tukio linaloweza kutumika kama kipimo. Mwezi wa Juni 1900, huko Kima, simba alimuua Charles Ryall, msimamizi wa polisi wa reli, alipokuwa akimvizia usiku ndani ya behewa. Patterson alikisimulia kisa hicho pia katika kitabu chake, kama aina ya mwendelezo. Ryall ana kaburi linalojulikana mjini Nairobi, na behewa lenyewe limehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli. Simba wa Tsavo nao wana kabati lao la kioo huko Chicago. Aliyeua amehifadhiwa, na mzungu aliyeuawa amehifadhiwa. Waafrika waliouawa mwaka 1898 hawana hata ubao.

Hata miili ya simba ilipitia mkasi. Ngozi zao zilitumika kama mazulia kwa takriban robo karne kabla ya kuuzwa. Kwa kuwa zilikuwa zimepunguzwa kingo, simba wanaoonekana leo kabatini ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Mtazamaji anayesimama mbele yao hutazama toleo lililohaririwa.

5.0 Kutasa: Onyesho Ambalo Halikuandikwa

Onyesho la mdai lingekuwa na sura gani? Jibu la haraka lingekuwa kumwandikia chifu hotuba ya kuilaani reli. Lakini utamaduni wa Wataita unaonyesha njia nyingine, iliyo ya kina zaidi. Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti katika vilima vya Taita, alichapisha mwaka 1978 kitabu kiitwacho Casting Out Anger, kuhusu dini ya jadi ya Wataita. Kwa mujibu wa uchambuzi wake, kiini cha dini hiyo ni hasira iliyofichika moyoni. Hasira ya mzee aliye hai, ya wafu, au ya mahali patakatifu palipodharauliwa, inaweza kuleta maradhi na misiba. Tiba yake ni kutasa: mhusika hujaza kinywaji kinywani, akakipuliza nje kwa matone huku akitamka maneno ya kuitoa hasira na kuomba heri.

Haidaiwi hapa kwamba vibarua wa Tsavo waliijua ibada hii, wala kwamba machifu wanaotajwa na Patterson walikuwa Wataita. Jambo linalohusu uhakiki ni mantiki ya masimulizi. Filamu ya kisasi cha mizimu ina njia mbili tu za kumalizika: ama mzimu umuue mkosaji, ama shujaa aumalize mzimu. Katika njia zote mbili kosa lenyewe halizungumzwi. Kutasa kunaleta njia ya tatu. Ili hasira itolewe, kwanza itambuliwe kuwa ni hasira ya nani na juu ya jambo gani. Kisha yule mwenye hasira, au wanaosimama mahali pake, waseme. Ni ibada ya usemi. Haimtaki shujaa, bali humtaka mdai ajitokeze na wengine wamsikilize.

Hapa ndipo inapoonekana kwa nini onyesho hili lilikatwa kila mara. Kulirejesha ni kukubali kwamba kufa kwa simba hakukumaliza jambo. Daraja lililokamilika mwaka 1899 lingebaki na swali juu yake. Masimulizi ya ushindi hayawezi kulivumilia swali hilo, kwa kuwa hitimisho lao limejengwa juu ya mzoga.

6.0 Mwendelezo Usiotengenezwa: Kutoka Voi hadi Taveta

Ikiwa kila usimulizi wa Tsavo ni mwendelezo, upo mmoja ambao historia yenyewe iliuandika na sinema haikuugusa. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, majeshi ya Kijerumani yaliiteka Taveta mwezi wa Agosti 1914. Mwaka 1915 Waingereza walianza kuijenga reli nyingine, kutoka Voi kuelekea magharibi hadi Maktau na kuendelea, ili kupeleka majeshi mpakani. Tarehe 12 Februari 1916 walishindwa katika mapigano ya Salaita. Mwezi uliofuata wakaitwaa tena Taveta, na hatimaye reli ikaunganishwa na ile ya Moshi. Kwa mara ya pili katika muda usiozidi miaka 20, reli ilipita katika nchi ile kwa amri ya mgeni na kwa haja ya mgeni. Bomeni, jina la wadi ya mji wa Taveta, linabeba neno boma, ambalo katika ukoloni lilikuwa neno la ngome na la ofisi ya serikali.

Safari hii walioliwa hawakuliwa na simba. Wapagazi wa Kiafrika katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Hesabu rasmi ilikuwa zaidi ya 40,000, na wanahistoria wamekadiria kuwa huenda walikaribia 100,000. Makaburi ya kijeshi ya Taveta na Voi yanatunzwa vizuri, na mawe yake yana majina. Lakini mwezi wa Aprili 2021, taarifa ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wahanga wa vita hivyo wasiopungua 116,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ndiyo sentensi ile ile ya mwaka 1907, ya Waafrika ambao kumbukumbu yao haikuwekwa, imeandikwa upya na taasisi yenyewe baada ya miaka 114.

Kulingana kwa sentensi hizi mbili kunabadilisha usomaji wa kisa cha kwanza. Kama simba wangekuwa ndio chanzo cha ukimya, ukimya ungeisha walipokufa. Haukuisha. Uliendelea pale ambapo hapakuwa na simba wala mizimu wala giza, bali karani na daftari lake. Miujiza ya Tsavo imesaidia kuficha jambo la kawaida kabisa: kwamba kuna watu ambao vifo vyao havikuhesabiwa kwa sababu hakuna aliyetarajiwa kuja kuwadai.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kisa cha Tsavo kilianza kikiwa na mdai, ingawa hakuwa na jina. Kwamba filamu ya mwaka 1952 ilimwondoa na kumweka Shetani. Na kwamba ile ya mwaka 1996 ilimrejesha akiwa mganga mwenye wazimu, huku huzuni ya kupoteza ardhi ikikabidhiwa mgeni wa kubuni. Yameonyesha pia kwamba ukataji huo una mwenzake katika kumbukumbu rasmi, kwanza kambini Tsavo na baadaye katika njia ya Voi na Taveta.

Wahakiki na watunzi wa Kiswahili wana kazi mbili hapa. Ya kwanza ni ya usomaji: kuzisoma upya matini za reli wakitafuta sentensi kama ile ya Patterson, ambamo kosa limekirika bila ya mwandishi kukusudia. Ya pili ni ya ukusanyaji. Reli ya tatu ilifunguliwa mwaka 2017, nayo inapita Voi na kukatiza Tsavo. Simulizi za familia kuhusu zile mbili za kwanza, pale zilipobaki katika vilima vya Taita na katika nyumba za Bomeni, hazitasubiri filamu nyingine. Onyesho lililokatwa katika filamu huweza kuokolewa kwa kuwa utepe wake umehifadhiwa. Onyesho hili lina utepe mmoja tu, nao ni kumbukumbu ya wazee. Ukikatika, hakuna ghala la kwenda kuutafuta.